Karafuu, Singo na Ngozi ya Mtu



Kila msimu unapokwisha na magunia yakishafika kituoni, hutujia maswali ambayo si ya bei wala si ya kupalilia. Maswali hayo aghalabu hutoka kwa akina mama, na mengi ni ya namna moja: karafuu yafaa kwa ngozi au haifai? Bibi zetu wakiitwanga wakaitia katika singo, wala hatukusikia bibi harusi aliyeungua. Siku hizi mafuta ya karafuu yanauzwa madukani katika vichupa vidogo. Kijana mwenye chunusi hujidondoshea usoni, mama humpaka mtoto mwenye harara, na baada ya muda ngozi ikawiva kama iliyomwagiwa maji ya moto. Basi watu wauliza: hii ni karafuu ile ile, au ni kitu kingine?

Tumeona bora tulijibu swali hili kwa urefu, na pamoja nalo tuzitazame dawa nyingine za miti ambazo nyumba zetu zimezitumia kwa ngozi tangu zamani. Sisi ni wakulima wa karafuu, na kila tone la mafuta linalouzwa lina faida kwetu. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa tutasema maneno ya kupunguza sifa ya zao letu kwa kupenda. Lakini mnunuzi aliyeunguzwa na mafuta yetu harudi tena, na mtoto anayeungua mara nyingi ni wetu wenyewe, maana hakuna nyumba zilizo karibu na karafuu kama zetu.

SINGO ILIVYOKUWA, NA HESABU YAKE

Msomaji wa Unguja na Pemba hana haja ya kuelezwa singo ni nini, ila vijana wengine wameijua kwa jina tu. Somo huchukua liwa, mawaridi makavu, asumini, langilangi, pengine kilua na rihani, manjano kidogo, na karafuu. Vyote hutwangwa vikawa unga, kisha hukandwa kwa marashi mpaka ukawa uji mzito. Bibi harusi husingwa mwili mzima kwa siku kadhaa kabla ya arusi. Singo ikianza kukauka husuguliwa ikatoka pamoja na taka za ngozi, kisha akaoga. Kila nyumba ina kipimo chake, na masomo hawapendi kukitoa. Katika hilo hatuna la kusema.

Tazameni sasa hesabu. Karafuu kavu iliyoanikwa vizuri ina mafuta kiasi cha 15 hadi 20 kwa mia ya uzito wake. Tuseme somo ametia kijiko kimoja cha karafuu katika vijiko tisa vya vitu vingine. Karafuu ni sehemu moja katika kumi, basi mafuta ya karafuu katika unga ule ni kama 2 kwa mia tu, au pungufu. Akiongeza marashi, yanapungua tena. Na hayo machache hayakutoka yote, kwani mengi yamebaki ndani ya vipande vya karafuu vilivyotwangwa, na singo haikai mwilini kutwa kucha bali husuguliwa ikaoshwa.

Mafuta ya kichupa ni jambo jingine kabisa. Hayo yametolewa kwa mvuke kutoka karafuu zenyewe, au kutoka makonyo, au majani, na hakuna kingine ndani yake. Ni 100 kwa mia. Mtu anayejidondoshea mafuta hayo usoni anaweka nguvu iliyo mara hamsini na zaidi ya ile aliyoweka bibi yake, kisha anaiacha pale pale bila ya kuiosha. Tena anayenunua mafuta ya makonyo akidhani kuwa ni mepesi kwa sababu makonyo ni kitu cha kutupwa, amekosea: mafuta ya makonyo aghalabu yana nguvu zaidi ya yale ya karafuu yenyewe. Hiyo ndiyo maana viwanda vya ng'ambo huyapenda.

Nguvu tunayoitaja inatokana na kitu kimoja ambacho wataalamu hukiita eujenoli. Katika mafuta ya karafuu yenyewe eujenoli ni kama 70 hadi 90 kwa mia, na katika mafuta ya makonyo hufika aghalabu 85 na kupindukia. Ndiyo inayotoa harufu, ndiyo inayotia ganzi ulimini, na ndiyo inayounguza.

EUJENOLI INAFANYA NINI

Wazee walipomwekea mtu karafuu katika jino bovu hawakuwa wakibahatisha. Mishipa ya fahamu hupeleka khabari ya maumivu kwa kufungua na kufunga milango midogo sana, na eujenoli huizuia milango hiyo, khabari isipite. Madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya eujenoli na unga wa zinki kuzibia meno tangu karne ya 19, na mpaka leo harufu ya chumba chao yatukumbusha majamvi yetu. Mwaka 2006 wataalamu wa Kuwait walichanganya karafuu iliyosagwa na gliserini, wakawapaka ufizini watu wazima waliojitolea, kisha wakawachoma sindano. Karafuu ilipunguza maumivu sawa sawa na dawa ya ganzi iitwayo benzokeini. Hapa basi bibi zetu wamepewa haki yao na maabara.

Kadhalika imeonekana mara nyingi kuwa eujenoli huua bakteria na kuvu, kwa kuutoboa ule utando mwembamba unaowazunguka. Mtu akisoma hayo hukimbilia kusema: basi na tuipake kila kidonda. Ngoja kwanza. Majaribio mengi ya namna hiyo yamefanywa katika sahani za kioo. Katika sahani hamna mtu, hamna jasho, hamna ngozi iliyochubuka. Na mwaka huo huo wa 2006 wataalamu wengine walichukua chembe hai za ngozi ya binadamu, nazo wakaziweka katika sahani, wakatia mafuta ya karafuu. Chembe zilikufa kwa kiasi kidogo mno, 0.03 kwa mia tu. Ni kweli kwamba mtu mzima ana ganda la juu la ngozi linalomkinga, na chembe zile zilikuwa tupu. Lakini penye kidonda, au mchubuko, au pele lililopasuka, ganda hilo halipo, na hapo ndipo watu wanapopenda kuyatia mafuta.

Kuna khabari moja iliyochapwa mwaka 1983 katika jarida la madaktari la The Lancet, huko London, ambayo twapenda kila mwanachama aijue. Mwanamke mmoja kijana aliumwa na jino, akachukua mafuta ya karafuu, nayo yakammwagikia usoni. Sehemu ile ya uso ilikufa ganzi, na ganzi hiyo haikuondoka. Hata jasho halikutoka tena mahali hapo. Kitu kinachozuia maumivu kwa muda kikitiwa kidogo kinaweza kuuharibu mshipa moja kwa moja kikizidi.

La pili la kutahadhari ni mzio. Watu wengine ngozi zao huikataa eujenoli. Si lazima iwe siku ya kwanza: mtu huitumia mara nyingi bila ya tatizo, mwili ukaizoea kwa ubaya, na siku moja akipaka, baada ya siku moja au mbili au tatu pakawasha na pakatoka malengelenge. Akishafika hapo, mzio huo aghalabu haumwachi maisha. Madaktari wa ngozi wanapompima mtu kwa mizio ya manukato, eujenoli ni mojawapo ya vitu wanavyombandika mgongoni. Mchumaji au mchambuaji ambaye viganja na mikono humwasha kila msimu, na akipumzika hupona, asiseme kuwa ni vumbi tu. Naye yafaa aende akapimwe.

KIPIMO

Wataalamu wa mafuta ya manukato hupendekeza kwamba katika kitu kinachopakwa na kuachwa mwilini, mafuta ya karafuu yasizidi 0.5 kwa mia. Maneno hayo ni ya maabara. Jikoni maana yake ni hii. Chukua chupa ya nusu lita, ujaze mafuta ya nazi, utie nusu kijiko cha chai ya mafuta ya karafuu, basi, umefika mpaka. Kijiko cha chai tunachosema ni kile cha kipimo cha dawa, cha mililita 5. Mwenye kichupa kidogo cha mililita 100 atie matone kumi. Harufu utaisikia vizuri tu, na mwili utapata ule uchangamfu watu wanaoutaka. Mtu anayesema kuwa hausikii moto na kwa hiyo hakuna dawa, amekosa kujua kuwa moto ule ndio ngozi inayolalamika.

Mchanganyiko huo ni wa mtu mzima, kwa ngozi nzima isiyo na jeraha. Usikaribie macho wala sehemu za siri. Watoto wachanga na wadogo wasipakwe mafuta ya karafuu hata yaliyochanganywa. Kabla ya kuutumia mwili mzima, jipake kidogo ndani ya mkono, mahali pale pale, mara mbili kwa siku, muda wa juma moja. Mara moja haitoshi kwa sababu tulizozieleza. Pakianza kuwasha, acha.

NAZI

Sasa tumefika mahali ambapo bibi zetu wameshinda, na si kwa karafuu bali kwa yale mafuta waliyochanganyia. Katika dawa zote za kienyeji za ngozi tunazozijua hapa visiwani, mafuta ya nazi ndiyo yaliyopimwa vizuri zaidi kwa wagonjwa wenyewe, na kazi kubwa imefanywa Ufilipino, nchi ya minazi kama yetu.

Mwaka 2004 walichukuliwa watu 34 wenye ngozi kavu ya miguu. Baadhi walipewa mafuta ya nazi, baadhi walipewa yale mafuta meupe ya viwandani yatokanayo na petroli, ambayo akina mama huwapaka watoto. Baada ya majuma mawili wote walikuwa wamepata nafuu, na hapana aliyemshinda mwenziwe. Mtu atasema: kumbe ni sare. Ndiyo, lakini moja latoka katika shamba lako.

Mwaka 2008 walitazamwa watu wazima 52 wenye ugonjwa ule wa kuwasha na kukauka unaoitwa pumu ya ngozi. Nusu walipaka mafuta ya nazi, nusu mafuta ya zeituni, muda wa majuma manne. Ngozi ya wagonjwa wa namna hii hukaliwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye huzidisha uvimbe na usaha. Katika waliopaka nazi, 20 walikuwa naye mwanzoni, na mwisho akabaki kwa mtu mmoja tu. Katika waliopaka zeituni, 12 walikuwa naye, wakabaki naye 6. Kisha mwaka 2014 wakapimwa watoto 117 wenye ugonjwa huo huo, majuma manane. Waliopakwa nazi ugonjwa wao ulipungua 68 kwa mia, na waliopakwa mafuta yale ya petroli ulipungua 38 kwa mia.

Sababu haifichiki sana. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, nayo huwadhuru bakteria wa namna hiyo. Pia mafuta hulainisha na kuziba nyufa ndogo za ngozi, maji yasitoke. Mafuta yaliyotumiwa katika majaribio hayo yalikuwa yametolewa bila ya kuunguzwa, safi, hayana harufu ya moshi wala ya kuvunda. Mwanachama mwenye minazi anayetaka kutengeneza ya kujipaka, tui lake lisiungue, chombo kiwe kikavu, na maji yasibaki ndani. Wakati mzuri wa kupaka ni mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu.

Yapo yasiyofaa. Mwenye chunusi nyingi asijipake mafuta ya nazi usoni, kwani humziba vinyweleo. Na mwenye utangotango, yale madoa meupe au ya kahawia ya kifuani na mgongoni, ajue kuwa huletwa na kuvu wapendao mafuta. Akipaka nazi huwa anawalisha.

MSHUBIRI

Mshubiri wengi wanao kandoni mwa nyumba, na wanautumia penye kuungua. Thailand mwaka 1995 walipimwa wagonjwa 27 waliougua kwa moto, majeraha ya kiasi cha kutoa malengelenge. Yaliyowekwa utomvu wa mshubiri yalipona kwa wastani wa siku 12 hivi, na yaliyofungwa kwa kitambaa chenye vaselini yalipona kwa siku 18. Majaribio ya namna hii ni machache na madogo, lakini yameelekea upande mmoja.

Ila ni ute wa ndani, ule mweupe kama kioo, si maji ya manjano yanayotoka chini ya ganda ukikata jani. Maji yale ndiyo machungu ya shubiri, nayo huwasha. Simamisha jani lililokatwa mpaka manjano yote yachuruzike, ukalioshe, ndipo umenye. Na kabla ya mshubiri ni maji: mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka muda wa dakika 20 kamili. Si samli, si dawa ya meno, si unga wa ngano, na mafuta ya karafuu kabisa kabisa hapana. Jeraha kubwa, au la usoni, au la kiungo, au la mtoto mdogo, likishamwagiwa maji lipelekwe hospitali bila ya kupakwa chochote.

UPELE

Upele huletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho mepesi, ambacho huchimba njia chini ya ngozi na kutaga humo. Usiku ndipo mwasho huzidi, na nyumba moja ikishikwa hushikwa yote.

Mwaka 1992 madaktari wa India walitoa khabari ya watu 814 waliopakwa mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na manjano yaliyosagwa pamoja. Katika kila 100 walipona 97, kwa siku 3 hadi 15. Ni khabari njema kwa watu ambao wana mwarobaini kila njia, lakini msomaji aulize jambo moja: wale ambao hawakupakwa, au waliopakwa dawa nyingine, walikuwaje? Jibu ni kuwa hawakuwapo. Jaribio lisilo na wa kulinganisha nao haliwezi kutuambia kwa uhakika kiasi gani ni kazi ya dawa, na kiasi gani ni kazi ya kuoga na kufua nguo wakati ule wa matibabu. Mwaka 2010 wataalamu wa Australia wakawajaribu wadudu wenyewe wa upele katika maabara, na mafuta ya karafuu yaliwaua upesi. Hilo nalo lilifanyika nje ya ngozi ya mtu. Mafuta ya nguvu hiyo huwezi kumpaka mtoto mwili mzima, nasi tumekwisha kueleza kwa nini.

Kwa hiyo hatutamwambia mwanachama aitibu nyumba yake kwa karafuu. Dawa ya upele ya hospitali ipo na imepimwa kwa watu wengi. Watumie watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Anayetaka kuoga maji ya mwarobaini pamoja na hayo, aoge. Siku moja karafuu huenda ikapata nafasi yake hapa, na sisi tutakuwa wa kwanza kufurahi, lakini siku hiyo haijafika.

NDIMU, HINA NA MANJANO

Ndimu itajwe kwa maneno machache. Mtu hujisugua ndimu kuondoa madoa, au mchumaji hujikamulia mkononi kuondoa utomvu, kisha akatoka juani. Katika maji na ganda la ndimu kuna vitu ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza, ikatoka malengelenge, na pakibaki doa jeusi miezi kadhaa. Mtu alitaka kung'aa, akapata alama. Anayekamua ndimu nyingi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka.

Hina halisi, majani ya mhina yaliyosagwa na kukorogwa kwa maji, haina lawama nyingi kwa mtu mzima. Rangi yake hushikana na ganda la juu la ngozi, ikakaa kama majuma mawili, ikaondoka na ganda hilo. Ni nyekundu au ya kahawia. Hina nyeusi kwa asili haipo. Ile nyeusi inayochorwa kwa piko ni rangi ya nywele ya dukani, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD. Katika nchi za Ulaya kemikali hiyo haikuruhusiwa kupakwa katika ngozi hata kidogo, na katika rangi ya nywele imewekewa mpaka wa 2 kwa mia. Wako mabibi harusi waliotoka malengelenge kwa ramani ile ile ya maua waliyochorwa, na makovu yakabaki. Aliyepata mzio wa PPD siku hiyo hataweza tena kutia rangi nywele zake uzeeni bila ya khatari. Twawaomba masomo wairudishe hina nyekundu.

Kwa mtoto mchanga, hata hina halisi isipakwe. Katika watu wetu wapo wengi wenye hali ya kurithi ambayo damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa mtoto wa namna hii rangi ya hina ikipenya ngozi huvunja chembe nyekundu za damu, naye akawa manjano na kuishiwa damu. Vifo vimetokea. Mzazi hawezi kumjua mtoto mwenye hali hiyo kwa kumtazama.

Manjano yenyewe yana kurkumini, kama 3 kwa mia, ambayo hutuliza uvimbe katika majaribio mengi ya maabara; kwa ngozi ya watu ushahidi bado ni mdogo. Tunalotaka kusema ni la sokoni. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa huko Bangladesh manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye risasi ili yang'ae, nayo ni sumu. Sisi twaweza kupanda manjano, na wengi tumekwisha kupanda chini ya mikarafuu. Nunua au chimba vipande vizima, ukaushe, utwange mwenyewe.

Liwa hatukusema mengi kwa kuwa hatukuona majaribio ya kutosha ya kutegemea. Hupoza na kunukia, na hilo kwa wengi latosha. Kinachotusikitisha ni kuona wasichana wameacha liwa na singo wakanunua krimu za kujichubua, ambazo nyingine zimekutwa na zebaki. Zebaki huingia katika figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeingia, ulikataza vipodozi vya namna hiyo, lakini vichupa bado vinapita. Krimu isiyoandikwa kilichomo isinunuliwe.

KWA WANAOTENGENEZA SABUNI

Vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni ya karafuu, pamoja na ile ya mwani, vimeongezeka, na wageni huinunua. Wapo watakaokuwa wameona kuwa mafuta ya karafuu yakitiwa katika sabuni ingali mbichi, sabuni huganda ghafula kabla haijamiminwa, na rangi ikawa kahawia. Kosa si la mtengenezaji: eujenoli hukimbiliana na magadi. Tia mafuta mwisho kabisa, kidogo, yakiwa yamekwisha kuchanganywa na mafuta ya nazi, na miimo iwe tayari mezani.

Kuhusu karatasi ya kubandika, yafaa iandikwe kuwa ndani yake mna mafuta ya karafuu. Nchi za Ulaya hudai kwamba neno eujenoli lionekane katika kitu cha kuoshwa kikiwa nayo zaidi ya 0.01 kwa mia, na katika kitu cha kupaka zaidi ya 0.001 kwa mia, yaani karibu kila sabuni na kila mafuta ya karafuu yaliyo duniani. Anayekusudia kuuza huko na azoee tangu sasa. Wala isiandikwe kuwa sabuni inaponya upele, chunusi au pumu ya ngozi. Imeandikwa hivyo katika sabuni kadhaa tulizoziona, na walioandika hawakuwa na uwongo moyoni, walisema walivyosikia. Ila mnunuzi akienda nayo kwa daktari wake, jina linaloharibika ni la karafuu ya visiwani. Andika kuwa inasafisha na inanukia, maana hayo mawili ni kweli.

KICHUPA NYUMBANI

Limebaki la kichupa chenyewe. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yawekwe katika kioo cheusi, si plastiki, kwani plastiki za namna nyingine huzila zikalainika. Kizibo kikazwe, jina liandikwe kwa herufi kubwa, na kichupa kiwekwe juu chini ya kufuli, mbali na chupa za dawa ya kikohozi. Watoto wadogo waliokunywa kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai wamepoteza fahamu, wakashikwa na degedege, na maini yao yakaharibika. Likitokea hilo, mtoto asitapishwe, maana mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia katika mapafu. Asipewe maziwa wala mafuta mengine. Mdomo upanguswe, achukuliwe hospitali saa ile ile hata akiwa anaonekana mzima, na kichupa kichukuliwe pamoja naye ili daktari aone kilichobaki.